Chumvi Kwenye Barafu

Nimeuza samaki Musoma miaka thelathini na kitu, na kama kuna jambo moja ambalo hakuna mtu wa kunifundisha, ni barafu. Najua ya jana na ya leo asubuhi kwa kuigonga tu na kucha. Niletee sangara, nitamfunua shavu mara moja nikwambie amelala siku ngapi, na usithubutu kubisha. Wenzangu pale mwaloni, kwenye soko la samaki ufukweni, walikuwaga wananitania kwamba siku nikifa nisipelekwe mochwari, nitajitunza mwenyewe. Nilikuwa nacheka mpaka machozi. Siku hizi wakilianza hilo nashika kisu changu naendelea na magamba.

Naandika haya kwa sababu ya mwanangu wa kike. Ni mwalimu wa shule ya msingi, anakaa Kabasa, Bunda, na kazi hii alinipa yeye kwa mdomo wake. Nitafika hapo. Mimi niliishia darasa la saba, kwa hiyo anayetaka Kiswahili cha redioni akasikilize redio.

Mjukuu wangu wa kwanza alizaliwa kabla mimba haijaingia mwezi wa nane. Kilo moja na robo. Nilipomwona pale wodini Bunda, amefungwa na kitenge kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, kichwani kofia ya sufu inayomfunika mpaka machoni, nilisema moyoni huyu ni sato wa kurudishwa ziwani. Mungu anisamehe, ndivyo nilivyowaza. Lakini alikuwa hai bwana, tena mwenye hasira zake. Ukimgusa unyayo anaukunja mguu, kama anakwambia nitokee hapa. Nilimpenda kwa ajili ya hizo hasira. Ni za ukoo wetu.

Walikaa kwenye ile wodi ya watoto njiti wiki nyingi. Mwanangu alikuwa anakamua maziwa kwenye kikombe, mtoto anapewa kwa mrija, baadaye kwa kijiko, baadaye akaliweza titi lenyewe. Mumewe kazi yake iko mbali, anakuja mara moja moja, kwa hiyo tulikuwa tunapokezana mimi na mkwe wangu, mama wa huyo mume. Yeye ni mkulima wa Butiama, mtu wa kanisa, rozari haimtoki mkononi. Mimi na yeye tunaheshimiana sana, ile heshima ya kukaa vizuri na kupima maneno. Mbele ya mkwe hata kikohozi unakizuia.

Nesi mkuu wa wodi alikuwa mama wa sauti ya chini ambaye harudii neno. Alitukalisha siku moja akatueleza. Kuna kirusi, alisema, ambacho kwa mimi na wewe ni mafua ya siku tatu, unapiga chafya unaendelea na kazi. Kwa mtoto njiti kinaziba vijia vya hewa vilivyo vyembamba mno, na mtoto anahangaika kuvuta pumzi mpaka anachoka. Mtoto anayetimiza miezi yake anapewa kinga na mama yake mwishoni mwishoni, akiwa bado tumboni. "Huyu wenu alitoka kabla hajafungashiwa mzigo wake," alisema.

Mwanangu akauliza kama kuna chanjo. Nesi akasema kuna sindano, ila si chanjo. Chanjo inaufundisha mwili utengeneze askari wake, na mwili wa njiti bado haujawa mwanafunzi mzuri. Hii sindano ni askari wenyewe, wanaitwa kingamwili, wameshatengenezwa tayari, wanaingizwa mara moja wanalinda msimu mzima. Pale Bunda haikuwepo. Musoma kulikuwa na daktari wa watoto mwenye kliniki yake, aliweza kuagiza kutoka nje kwa ajili ya watoto wachache.

"Mama," mwanangu aliniambia, "hii dawa lazima aipate."

Nikamwambia ataipata. Nilikwenda kwa huyo daktari, nikasumbua mpaka walinzi wakanizoea, na baada ya majuma kadhaa nikapigiwa simu kwamba imefika.

Ilikuwa Ijumaa asubuhi. Nilikuja kliniki na magamba bado mikononi. Dada wa pale akanionyesha: bomba dogo la sindano, limejazwa dawa tayari kiwandani, limelala ndani ya kiboksi cha karatasi. Maji meupe tu. Nikasema loo, hiki ndicho? Akasema ndicho, lakini vibebeo vyao vya chanjo vyote vimetoka na watu wa huduma ya mkoba, wako vijijini, vinarudi Jumatatu. Basi tusubiri.

"Jumatatu ya nini?" nikamuuliza. "Unajua unaongea na nani, mwanangu? Mimi barafu ndiyo kazi yangu."

Alisita yule binti. Akanitazama, akatazama simu yake, mwishoni akakubali. Lakini alinipa masharti, na naapa aliyasema vizuri, hakuna mahali pa kumlaumu. Alisema iwe baridi ya friji, si zaidi. Isilale juu ya barafu, iviringishiwe kitambaa. Isigande. "Ikiganda hiyo haifai tena, mama, hata ikiyeyuka. Irudishe hapa, tutaona la kufanya." Nikaitikia haya, haya, haya, kama unavyomwitikia mtoto anayekueleza njia ya kwenda kwako.

Nilirudi mwaloni nikachukua deli langu jipya, sanduku la barafu. Nikaweka barafu, nikaweka kitambaa, nikaweka dawa. Halafu nikaanza kufikiri. Pikapu yetu ya samaki siku hiyo inapitia Butiama kwanza, kuna gulio, tunashusha mzigo na kumchukua mkwe, ndipo tunarudi barabara kuu kwenda Bunda. Jua lilikuwa kali. Nikajiambia huyu binti wa kliniki anajua friji, hajui njia. Sisi samaki wa safari ndefu barafu yake tunainyunyizia chumvi ya mawe. Barafu ikishapata chumvi inauma zaidi, samaki anakauka kama gogo, anafika Serengeti ndani huko akiwa bado anakutazama. Nikachukua konzi mbili za chumvi. Nikanyunyiza. Kitambaa nikakipunguza, maana nilikiona kinene. Nikafunga deli nikalikalia.

Sikuwa nafanya uzembe. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Nilikuwa nafanya kazi yangu kwa ustadi wangu wote.

Butiama mkwe alikuwa ananisubiri kando ya gulio, amevaa nguo ya Jumapili. Tulisalimiana, tukaulizana habari za nyumbani na za mashamba, na mimi kichwa kimenivimba. Nikamwambia njoo uione dawa ya mjukuu wetu. Nilifungua deli kwa maringo, na si kwa kukagua. Nataka msomaji alijue hilo pia.

Kiboksi kilikuwa kimegandia kwenye barafu. Nilikibandua, kona ikachanika. Ndani lile bomba lilikuwa jeupe lote, dawa imekuwa kitu kigumu chenye nyufa.

Niliifunika kwa kiganja kabla mkwe hajainama.

Nimejiuliza sana juu ya hicho kiganja. Kwa sababu kichwani mwangu nilikuwa na hoja, tena nzuri. Kwetu samaki anayeharibika ni aliyepata joto. Aliyeganda ni mzima, unamyeyusha, unampika, unakula na mikono unailamba. Mimi maisha yangu yote kilichoganda ndicho kilichopona. Nikajiambia wale wa kliniki wanaogopa tu, wasomi ndivyo walivyo. Sasa kama niliamini hivyo kweli, kiganja kilikwenda kuficha nini?

"Mbona unaitoa?" mkwe akauliza.

"Baridi imezidi kidogo," nikasema. "Naipa joto la mtu."

Nikaipenyeza ndani ya blauzi, katikati ya matiti, nikajifunga kanga juu. Iliniunguza kwa baridi. Mkwe akanishika bega, akasema, "Jamani mkwe wangu. Umeibeba kama mama yake anavyombeba." Akaanza kusali kimya, shanga moja moja, mpaka tunaingia Bunda.

Kufika wodini ilikuwa imeshayeyuka, imerudi maji meupe. Nilikuwa nimeirudisha ndani ya kitambaa chake, imepoa vizuri, ya friji kabisa. Nesi akainyanyua dirishani, akaigeuza, akaitazama kwa muda mrefu. Mwanangu alikuwa amekaa kitandani na mtoto kifuani, macho yote kwangu. Mkwe kasimama pembeni yangu na rozari yake.

"Mama, haikuganda njiani?" nesi akauliza.

"Sista," nikasema, "mimi na barafu? Haijaganda."

Walicheka. Hata nesi alitabasamu. Akamfungua mtoto paja, lile paja lilikuwa nene kama kidole gumba changu, akamchoma. Mtoto akalia kwa hasira zetu zile. Mwanangu naye akalia, lakini kwa furaha, akanishika mkono akasema, "Asante mama. Sasa nitalala." Neno moja lingetosha siku ile, kwamba iliganda. Nilikuwa nalo mdomoni, nikamwambia alale.

Waliruhusiwa kwenda nyumbani. Mtoto akanenepa, akapata shingo. Nesi alikuwa amewaambia kwamba hata baada ya sindano wasimchanganye na watu, lakini mwanangu alikuwa amekaa ndani muda mrefu mno, na alikuwa na furaha. Mafua yalipoingia mjini, kila nyumba watu wanapenga, akaniambia kwa simu kwamba Jumapili anampeleka kanisani wamwombee shukrani.

"Si ungesubiri kidogo?" nikasema.

"Mama, si ana askari wake?"

Nikamwambia basi amvalishe vizuri.

Siku ya nne baada ya hiyo Jumapili, mtoto alikataa titi. Siku ya tano mbavu zilikuwa zinaingia ndani kila anapovuta pumzi, pua zinapanuka. Nilifika Bunda nikamkuta na mipira ya oksijeni puani. Nilimgusa unyayo. Hakuukunja. Nilikaa naye siku mbili nikitazama kifua kile kikifanya kazi kubwa kuliko ya mvuvi yeyote niliyemjua, bila kupumzika hata kidogo, na nilikuwa naomba, lakini nilikuwa najua naomba nikiwa nimesimama wapi. Alifariki asubuhi, saa ya kugawiwa uji. Wagonjwa wengine walikuwa wameshika vikombe vyao, hawajui wanywe au waviweke chini.

Nesi alimwambia mwanangu kwamba hata waliochomwa wapo wachache wanaozidiwa. Dawa inasaidia wengi, si wote. Mwanangu akalishika neno hilo kama jibu. Mimi nikajificha humo humo.

Tulimzika Butiama. Kwa mtoto mchanga matanga huwa mafupi, lakini watu walikuja, na mkwe akawa anawasimulia. Kila akiingia mtu mpya anaanza upya: jinsi nilivyoitoa dawa kwenye deli, jinsi nilivyoiweka kifuani, jinsi nilivyofunga kanga na kukaa kimya njia nzima. "Bibi alifanya yote ya mwanadamu," anasema, "yaliyobaki ni ya Mungu." Wanawake wananitazama kwa huruma, wananiletea chai. Niliinywa hiyo chai. Kila kikombe nilikinywa.

Ikapita miaka miwili. Mwanangu akabeba mimba nyingine, akaambiwa apumzike, akapumzika, na bado mtoto akatoka na miezi saba na nusu. Safari hii wa kike. Wodi ile ile, na nesi yule yule. Wiki chache baadaye nikapigiwa simu, na haikuwa sauti ya mwanangu, ilikuwa ya nesi.

"Mama, njoo uongee na mwanao. Dawa ipo Musoma, daktari ameshaitenga. Yeye anakataa. Anasema yule wa kwanza alichomwa na akafa, kwa hiyo haina kitu. Na anawaambia hivyo wenzake wodini. Wawili wameshaanza kukataa. Na mafua ndiyo hayo yameingia. Wewe atakusikiliza."

Jamani. Nilikaa juu ya deli langu, watu wananiuliza bei siwasikii.

Nilikwenda siku hiyo hiyo. Mkwe alikuwa ameshafika. Mtoto alikuwa kifuani kwa mama yake, kofia ile ile ya sufu, aliihifadhi. Nikaanza kwa njia ya kukwepa, kama ninavyojua. Nikasema dawa zimeboreshwa. Nikasema kila mtoto na bahati yake. Nikasema msikilize sista, amesoma. Mwanangu alikuwa anakamua maziwa kwenye kikombe, hanitazami.

"Mama, wewe ndiye uliyeibeba," akasema. "Wewe unayejua baridi kuliko mtu yeyote. Ilifika salama, akachomwa mbele yangu, na akafa. Niambie basi, ile dawa ilikuwa na kasoro gani?"

Aliuliza kwa dhati. Hakuwa ananishtaki. Alikuwa anataka mtu amwonyeshe mahali palipokosewa ili aweze kukubali. Nesi amesimama mlangoni. Mkwe na rozari yake. Watu wale wale, kana kwamba wameitwa warudi kila mtu mahali pake.

"Iliganda," nikasema.

Mkono wake ukasimama juu ya kikombe.

"Niliitia chumvi kwenye barafu. Nilipofungua Butiama ilikuwa jiwe. Niliiyeyusha kifuani. Sista aliponiuliza, nilidanganya. Dawa haina kosa, mwanangu. Kosa ni langu mimi."

Mkwe alitoa sauti ndogo, akakaa. Mwanangu alinitazama muda mrefu, na katika kunitazama huko niliona anarudi nyuma hatua kwa hatua, sindano, kanisa, simu yangu, avalishwe vizuri. Niliona anafika. Hakupiga kelele. Ningemshukuru kama angepiga.

Nesi ndiye aliyesema, kwa sauti yake ile ya chini. "Mama, zilikuja mbili. Nyingine ilikuwa ya mtoto wa hapa hapa aliyefariki kabla haijafika. Ungesema siku ile, tungeitumia hiyo. Ilikaa kwenye friji Musoma mpaka muda wake ukaisha."

Sikujua. Nawaapia sikujua. Lakini nilikuwa nimeambiwa irudishe, tutaona la kufanya, na nilikuwa nimeitikia haya.

Mwanangu akaweka kikombe chini. "Achomwe," akamwambia nesi. Kisha akauliza, "Nani anaifuata?"

Nilinyanyuka nusu, kwa mazoea tu.

"Si yeye," akasema.

Aliifuata mkwe, siku iliyofuata, na kibebeo cha hospitali chenye kipimajoto ndani. Alikishika mapajani kwenda na kurudi, na mimi hajanisalimia toka siku ile zaidi ya salamu ya lazima. Wale kina mama wawili nao walikubali. Mtoto alichomwa. Msimu ukapita. Alipata mafua mara moja, akapiga chafya, akanyonya, akalala.

Sasa anasimama kwa kushika viti. Namwona kwenye picha za simu, maana anayenitumia ni baba yake. Mwanangu alinipigia mara moja tu, kabla hawajatoka wodini, na aliongea kwa sauti ya darasani.

"Huyu akikua ataniuliza kaka yake alikufa na nini," akasema. "Mimi sitamjibu. Utamjibu wewe. Na kama utakuwa umeshakufa, uwe umeandika."

Ndiyo hii nimeandika. Barafu nauza samaki nayo bado, sina kazi nyingine, ila chumvi nimeacha, na wateja wa mbali wamenihama. Mjukuu wangu, kaka yako aliletewa dawa nzima kutoka nje ya nchi. Niliigandisha mimi, halafu nikasema haijaganda.